Kiganja Juu ya Kamusi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wote waliomo humo ndani. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba umeacha kupanda juu ya viti kutafuta vumbi ambalo hakuna mtu mwingine anayeliona. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, mashavu yamejaa mpaka watu wananiuliza ninakula nini. Wanangu wote wawili hawajambo, wanakusalimu. Mkubwa anasema hajasahau ulivyomvuta sikio mara ya mwisho, na kwamba sikio lile mpaka leo limemzidi mwenzake urefu.

Kabla sijaendelea, huyo aliyekuletea barua hii ni mtu wa huku kwetu. Alikuwa na safari ya huko, nikaona heri nimpe mkononi kuliko kukuandikia kwenye simu, maana yako mambo ambayo hayaandikiki kwa kidole gumba. Mkaribishe vizuri. Kwa wageni dada yangu hujambo, hilo nakusifu. Ni sisi ndugu zako tu tunaokiona cha mtema kuni. Mpe kiti, mpe chai, na usimwache aondoke mpaka umalize kusoma, kwa sababu nimemwomba anirudishie jibu lako. Akiinuka kuinyoosha ile picha ya harusi yako iliyopinda ukutani, mwache tu, usimfokee. Watu wa huku tuna tabia zetu.

Sasa nisikuzungushe. Dada, kuna mwanamume.

Kaa chini kwanza. Ameniomba tuoane. Moyo wangu umekubali zamani, ila mdomo nimeufunga. Nimemwambia kwamba tangu mama alipotutoka, wewe ndiye uliyenisuka nywele, wewe ndiye uliyenipeleka shule, wewe ndiye uliyenivalisha siku ya harusi yangu na kunishika mkono siku tulipomzika marehemu mume wangu. Kwa hiyo neno la mwisho si langu, ni lako. Ukikubali, nitaolewa. Ukikataa, nitaukunja moyo wangu kama shati na kuurudisha kabatini, na maisha yataendelea. Sikutishi wala sikubembelezi, nakueleza ilivyo. Haya, kidogo nakubembeleza.

Najua unavyowafanya wanaume wanaokuja kuniulizia. Yule wa kwanza, muuza vioo, ulimhoji mpaka akaondoka akasahau kofia yake, na hadi leo hajaifuata. Yule wa pili, mwenye gari jeupe, hakufika hata mlangoni. Ulimtazama tu kwa dirishani, akageuza gari. Sikulalamika, maana wale wote wawili walistahili. Huyu nataka nikusimulie habari zake tangu mwanzo, ili umjue kama ninavyomjua mimi.

Unapakumbuka ninapofanya kazi, pale kwenye duka la dobi la yule mama tunayemwita Bosi Mvuke. Mbele kuna kaunta, nyuma kuna mashine za kufulia na ile ya kukaushia inayotetemeka mpaka vikombe vinahama mezani. Meza yangu ya pasi iko kwenye mlango wa pembeni, ambao hatuufungi kwa sababu ya joto. Mlango huo unatazamana na karakana ya fundi wa mabango. Kati yetu kuna kinjia tu. Mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Fundi huyo anatengeneza majina ya maduka. Anakata herufi za mbao, za plastiki na za stika, anazipaka rangi, anapanda ngazi na kuzifunga juu ya milango ya watu. Mtaani wanamwita Fundi Herufi. Ni mgane, mkewe alifariki zamani, na binti yao ana mji wake. Nimwelezeje zaidi? Ni mtaratibu, anaongea kwa kituo, na hawezi kuvumilia kitu kilichopinda. Siku ya kwanza alipoingia dukani kwetu kuleta shati lake, aliinyoosha kalenda ya ukutani kabla hata ya kusalimu. Bosi Mvuke alinong'ona kwamba huyu mtu ana walakini.

Sasa, kazi ile ina mabaki. Mteja anaagiza jina leo, kesho mkewe hakulipenda, keshokutwa ameuza duka lenyewe, na herufi zimeshakatwa. Fundi alikuwa nazo sanduku zima, na roho ilimuuma kuzitupa. Ndipo akaanzisha mchezo. Kila asubuhi anatumbukiza mkono ndani ya sanduku bila kutazama, anatoa herufi tatu, anazitundika kwenye misumari juu ya mlango wake. Anayepita anatakiwa ataje neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu. Si lazima zifuatane, zinaweza kukaa popote ndani ya neno, mradi zote zimo. Neno refu kuliko yote ndilo linaloshinda, na mshindi hupewa kastika kadogo ka herufi mojawapo abandike kifuani siku nzima. Nilimuuliza kwa nini Kiingereza. Akasema herufi zenyewe ni mabaki ya maneno ya Kiingereza, maana wenye maduka hawataki jina jingine hata kama wanauza maharage. Halafu kwa Kiswahili kila mtu angekuwa bingwa, na mchezo ungekufa siku hiyohiyo.

Mwanzoni niliwacheka. Watu wazima wamesimama kwenye kinjia, shingo juu, midomo inachezacheza, mizigo kichwani. Nikasema hawa hawana kazi. Kisha asubuhi moja zikatundikwa P, R na T. Mpita njia mmoja akataja port, mwingine akataja party, mwingine akaja na sport akajiona amemaliza dunia. Mimi niko na pasi yangu, nimeshika blauzi ya mteja, nikageuza kola kusoma lebo kama ninavyofanya kila siku ya Mungu. Lebo ikaniambia: polyester. Weee! Nilipiga ukelele, nikatoka mbio na pasi mkononi, waya ukachomoka ukutani ukanifuata nyuma kama mkia. Fundi akazihesabu herufi kwa vidole, akainua kichwa, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona, ingawa tulikuwa tukisalimiana tangu zamani. Kisha akanijibu kwa carpenter, neno alilowahi kulifunga juu ya duka la seremala. Tukalingana herufi kwa herufi. Nilirudi kwenye lundo la nguo, nikafunua sketi, nikatoka tena na temperature. Alinipigia saluti mbele za watu.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba Kiingereza changu ni cha lebo na chake ni cha mabango. Mimi nina shrink, nina separately, nina delicate na detergent. Yeye ana entrance, ana wholesale, ana shopkeeper. Ukituweka pamoja, hatuwezi kuzungumza na Mwingereza hata kumwuliza amelalaje, lakini tunaweza kumfulia nguo zake na kumfungulia duka. Nilicheka siku ile mpaka Bosi Mvuke akatoka nje kuuliza nani amekufa.

Tangu hapo, asubuhi zangu zikabadilika. Zamani nilikuwa nikiamka nikijivuta, unajua mwenyewe nilivyokuwa miaka ile baada ya msiba, nilikuwa natembea tu kwa kuwa miguu imezoea. Sasa nikawa naamka nikijiuliza leo zimetoka herufi gani. Nikawa nasoma kila kilichoandikwa: mifuko ya sabuni, maboksi ya dawa, hata maandishi ya chini ya sahani. Wanangu walidhani naumwa macho.

Sasa nikueleze habari ya kamusi, maana utaihitaji. Fundi ana kamusi nene, jalada lake limebanduka pembeni akaligandisha kwa utepe mwekundu. Inakaa juu ya stuli katikati ya kinjia, baina ya mlango wake na wangu. Mwenzako akitaja neno, una njia mbili tu. Ukilishuku, unaifungua kamusi na kulitafuta, naye anasubiri bila kununa. Ukimwamini, unaweka kiganja juu ya jalada, na hapo neno limepita, hakuna wa kulirudia. Mwanzoni tulikuwa tukiifungua kila mara. Nikitaja, anafungua, akitaja, nafungua, tena kwa kishindo. Baadaye, sijui ilikuwaje, mikono ikawa inakwenda yenyewe juu ya jalada. Kuna siku nilitaja neno la uongo, nimelitunga kichwani, nikitaka kumpima. Akaweka kiganja. Nikamwambia ni la uongo. Akasema anajua, ila alitaka kuona kama nitalala na ushindi wa namna hiyo. Aliniweza. Nilimrudishia stika yangu mwenyewe.

Na sasa nifike kwenye shati. Siku hiyo nilishinda kihalali, akanipa stika ya K nyekundu, nikaibandika kwenye aproni yangu. Joto la pasi unalijua. Gundi ikalegea, K ikadondoka juu ya nguo bila mimi kuona, na mimi huyo, nikaipitishia pasi yenye mvuke, nikaikandamiza vizuri kabisa kama mtu anayejua kazi yake. Nilipoinua shati, dada, ole wangu! Shati jeupe pe, na katikati ya mgongo K nyekundu, imekaa sawasawa hata yeye fundi asingeiweka vizuri zaidi. Tena si shati la mtu hivi hivi. Lilikuwa la mwalimu mkuu wa shule iliyo upande wa juu wa barabara, alilolileta ili alivae mchana huohuo kwenye mahafali ya wanafunzi wake. Bosi Mvuke alipoliona hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikaa juu ya kapu la nguo akasema kwa sauti ndogo kwamba nimelizika duka.

Fundi alisikia ukimya akaja. Kwanza alicheka, sitamficha, alicheka akashika ukuta. Kisha akaniona uso wangu, akaacha. Akaomba pasi. Akaligeuza shati ndani nje, akaweka karatasi, akalipasha moto kwa upande wa pili kidogokidogo, huku akiibandua K kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Gundi akaifuta kwa spiriti. K ikatoka nzima. Nikalifua shati, nikalikausha, nikalipiga pasi upya, lakini kilibaki kivuli cha rangi ya waridi ambacho ukikitafuta unakiona. Muda ulikuwa umekwisha. Bosi Mvuke akashika simu ampigie mwalimu mkuu amdanganye kwamba umeme ulikatika.

Fundi akamzuia. Akasema herufi imetoka kwenye sanduku lake, kwa hiyo maelezo ni yake. Akalitundika shati kwenye hanga, akalibeba mkono juu ili lisiguse kitu, akaenda shuleni kwa miguu. Nami nikamfuata nyumanyuma, roho mkononi, nikasimama kwenye korido ya ofisi. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona amesimama mbele ya meza ya yule mzee, akiligeuza shati mwenyewe na kuonyesha kivuli kwa kidole. Angeweza kumwonyesha upande wa mbele tu, mzee asingejua mpaka jioni. Akaeleza yote, mchezo, stika, pasi, na katika maelezo yote hayo hakunitaja. Alisema ni uzembe wa stika zake. Mwalimu mkuu akatazama mgongo wa shati, akamtazama fundi, kisha akauliza siku hiyo zilikuwa zimetundikwa herufi gani. Basi wakaanza kutafuta maneno palepale, shati linaning'inia katikati yao! Mzee alilivaa ndani ya koti, na hakuna aliyekiona kivuli. Siku hizi hupita kwetu kila asubuhi kabla ya kengele, anashindwa, anakwenda kazini akiwa na furaha.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kwa nini hakumwacha Bosi Mvuke apige simu yake. Akasema yeye hajui kutuma mtu kwenye jambo linalomhusu. Miguu humpeleka yenyewe. Alilisema kikawaida tu, huku akitazama bango la duka la viatu na kulalamika kwamba herufi ya mwisho imeinama. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha. Nilirudi kwenye meza yangu nikapiga pasi suruali moja mpaka ikataka kuota mbawa. Nampenda, dada. Niliona haya kulisema kwa umri huu, na sasa nimeliandika.

Najua unachokisubiri. Unadhani alinitundikia herufi za kunichumbia. Mtaa mzima ulidhani hivyo. Bosi Mvuke alikuwa akichungulia kila asubuhi kuona kama zimetoka zile zinazofaa, na akiona hazifai anasonya. Wala! Aliniomba kwa mdomo wake, kwa Kiswahili, mchana kweupe, mimi nina suruali ya mtu begani na yeye ana rangi ya kijani kwenye nyusi. Akasema maisha yake yote ameandika maneno ya watu wengine juu ya milango yao, na hili moja ni lake, hataki kulitundika liangaliwe na wapita njia. Akasema angependa tuzeeke pamoja tukibishana. Nilisahau Kiingereza chote na Kiswahili kidogo. Nilipopata sauti, nikamwambia habari zako.

Akauliza kama wewe ni mkali. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia na habari ya kofia. Akafikiri kidogo, akasema mtu aliyemlea mdogo wake mpaka akawa hivi nilivyo ana haki ya kuwa mkali. Wanangu niliwaeleza jioni yake. Mdogo alinikumbatia. Mkubwa alisema hana neno, mradi asiwe yeye wa kukuambia.

Nikakaa kuandika barua hii. Nilipanga kumpa dereva yeyote wa basi ailete. Fundi aliposikia neno dereva, akatikisa kichwa.

Sasa dada, nivumilie, nina la kuungama. Nimekufanyia ujanja, tena mbele ya macho yako. Kama ningekuandikia kwamba anakuja mtu kuniomba, ungemvalia yale macho yako ya dirishani tangu anabisha hodi, na usingemwona yeye, ungeona tu mwizi wa mdogo wako. Nilitaka umwone kwanza akiwa mgeni. Nilitaka umpe kiti kwa mkono mwema, umwone anavyosalimu watu wa nyumbani, anavyoshika kikombe, anavyojibu unapomuuliza safari. Basi inua macho sasa, polepole. Mwenye shati la buluu nililolipiga pasi mwenyewe, aliyemaliza chai zamani na anajifanya anatazama dari. Tazama kucha zake, pembeni kuna rangi isiyotoka. Na kama picha ya harusi yako imenyooka ukutani, huna haja ya kumuuliza ni nani. Hakuna mtu aliyemtuma. Mimi nilimpa tu barua mkononi. Miguu imempeleka yenyewe.

Hana kofia, nimemwambia aiache huku, kwa hiyo hana cha kusahau kwako.

Ndani ya mfuko wake kuna ile kamusi. Mwambie aiweke juu ya meza, baina yako na yeye. Ukiwa na shaka, ifungue, halafu muulize lolote unalotaka, mhoji mpaka taa ziwashwe. Amezoea kusubiri, na hatanuna. Lakini ukiwa umemwamini, usiseme kitu. Weka tu kiganja chako juu ya jalada. Ataelewa. Na atakaporudi na kuniambia, nitajua ni kiganja kilekile kilichokuwa kikinishika kichwa nisitingishike, wakati unanisuka.

Msalimie sana shemeji, mwambie aache kujificha nyuma ya gazeti, najua anasikiliza. Wasalimie majirani, na goti lako ulipumzishe. Huku kwetu Bosi Mvuke anakusalimu, ameshaanza kuchagua nguo atakayovaa ingawa nimemwambia bado hujajibu.

Ni mimi mdogo wako unayenipenda hata ukinifokea,

Kiherehere, kama ulivyoniita mwenyewe.